Daftari la Land Rover

Gari lililokuwa chini ya mwembe wangu hapa Kihonda limenizidi umri kwa miaka minane. Ni Land Rover 109 ya mwaka 1978, kijani iliyopauka kama sare ya mgambo iliyofuliwa mara mia. Ukifungua boneti hukuti injini ya Land Rover, unakuta ya Toyota Hiace. Watoto wa jirani waliliita Chotara. Juu ya bampa la mbele mjomba wangu aliandika kwa rangi nyeupe, herufi kubwa zisizolingana: TUTAFIKA TU.

Nililipata kwa njia ambayo hadi leo inanikosesha raha. Mjomba alifariki mwaka 2023, kwetu Mgeta. Siku ya kumaliza matanga wazee walikaa kugawa alichoacha. Sisi Waluguru ukoo, yaani lukolo, unafuata upande wa mama. Watoto wa mjomba si wa ukoo wake, ni wa ukoo wa mama yao. Mimi, mtoto wa dada yake, ndiye wa ukoo wake. Siku hizi wengi hawafuati hivyo kwa kila kitu, na sheria ya nchi nayo ina maneno yake, lakini mlimani kikao kikikaa, tumbo la mama bado lina uzito. Mashamba yakarudi kwenye ukoo. Likabaki gari. Babu mmoja, mdogo wake bibi yangu, akasema, "Hili apewe huyu wa mjini. Ana mshahara, atalitengeneza. Likibaki hapa kuku watatagia ndani."

Watu wakacheka. Binamu yangu, mtoto wa kwanza wa mjomba, hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, anachora chini kwa kijiti. Alianza kuwa utingo wa gari lile akiwa na miaka kumi na minne.

Wazee wakaamua nimpe kifuta jasho. Nikampa shilingi laki tano. Alizipokea kwa mikono miwili, akasema, "Asante, binamu." Sasa, mimi na yeye ni watani. Tangu utotoni hatujawahi kuongea sentensi mbili bila mmoja kumwita mwenzake mwizi wa ndizi. Asante ile haikuwa na utani hata chembe. Niliiweka mfukoni pamoja na ufunguo, nikaondoka. Gari lilivutwa na lori la kabichi hadi mjini.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kufika kwetu: kutoka Morogoro mjini unafuata barabara ya Iringa hadi Sangasanga, unakata kushoto kwenda Mlali, unapita Kipera, halafu unaanza kupanda. Mji uko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Kimhandu, huko Uluguru, kinapita mita 2,600. Nyandira, soko la kabichi, karoti na njegere zinazoliwa hadi Dar es Salaam, liko mahali fulani katikati ya namba hizo mbili, kwenye baridi inayowashangaza wageni waliovaa fulana. Nilipokuwa mtoto, masika yakianza, vilivyopanda huko vilikuwa viwili: Land Rover na miguu.

Land Rover ilioneshwa kwa watu mara ya kwanza mwaka 1948, kwenye maonesho ya magari Amsterdam. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kilikuwa cha mgawo, kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu. Ndiyo sababu unakuta Land Rover ya umri wa babu yako ina milango mizima. Bodi haishiki kutu. Kinacholiwa ni chesisi, ambayo ni ya chuma, na inaliwa kutokea ndani ambako huoni. Namba 109 ni inchi kati ya tairi la mbele na la nyuma, yaani kama sentimita 277. Urefu wa kutosha magunia na watu, na watu juu ya magunia.

Mjomba alilinunua mwaka 1989 likiwa na injini yake ya petroli, ya sisi 2,286. Ilikunywa mafuta kama ng'ombe aliyetoka machungani. Ilipofika 2004 akachoka. Wakati huo Hiace zilikuwa ndiyo daladala, zimejaa kila stendi, na injini yake ya dizeli, ile 3L ya sisi 2,779, ilikuwa na spea hadi kwenye vibanda. Akanunua moja iliyotolewa kwenye daladala lililopinduka, akaifunga kwenye Land Rover. Wengi walifanya hivyo, na wengi bado wanafanya.

Kwenye maneno ni rahisi. Kwenye chuma ni kazi. Matundu ya bolti ya injini ya Toyota hayalingani na ya gia boksi ya Land Rover, kwa hiyo lazima itengenezwe sahani nene ya chuma ikae katikati: upande mmoja ishike Mjapani, upande wa pili ishike Mwingereza. Mauntini za injini zinachomelewa upya. Bomba la moshi linatafutiwa njia. Na shafti ya gia boksi lazima iingie katikati kabisa ya klachi, maana vitu hivyo viwili vinazunguka pamoja mara elfu kadhaa kwa dakika. Vikipishana kidogo tu, kuna kitu kitalipa.

Haya yote sikuyajua nilipoanza. Nilijua kusoma vitabu na kuendesha Vitz.

Nilianza Januari 2024, na fundi mmoja wa mtaani aliyekuwa akija jioni na Jumapili. Tulinyanyua gari kwenye magogo. Tulikata sehemu za chesisi zilizooza, tukachomelea chuma kipya. Rejeta ikazibuliwa. Nozeli zikapelekwa kupimwa. Fundi alikataa katakata kuliwasha kabla ya kubadilisha mkanda wa taimingi. "Dada, huu ukikatika, vala zinakutana na pistoni. Hapo unanunua injini." Nikajifunza kulala chini ya gari bila kufumba macho, na kutofautisha spana ya kumi na nne na ya nusu inchi kwa kugusa, kwa sababu gari letu linatumia zote mbili: injini inahesabu kwa milimita, gia boksi kwa inchi. Majirani walikuja kushauri. Kijana mmoja alitaka niweke taabo. Mwingine rimu za kung'aa. Mama Mchungaji alitaka kujua kama niko sawa.

Siku lilipowaka, mwezi wa nne, watoto walipiga makofi. Moshi ukatulia. Kisha nikasikia mkoromo. Ukiwa kwenye nyutro umeachia klachi, linakoroma. Ukikanyaga klachi, linanyamaza. Fundi hakufikiri hata dakika: "Beringi ya shafti ya mbele ya gia boksi." Nikapanda basi hadi Dar, Gerezani, nikarudi na beringi mpya iliyofungwa kwenye karatasi yake. Gia boksi ikashushwa, kazi ya watu watatu na siku nzima. Mkoromo ukaisha.

Baada ya wiki sita, gari halijatoka hata nje ya Manispaa, mkoromo ukarudi.

Nilikaa ndani ya gari jioni hiyo nikiwa nimekasirika kiasi cha kutaka kuliuza kwa wanaonunua vyuma chakavu. Nikafungua kisanduku cha chini ya kiti kutafuta tochi, nikakuta kaunta buku imefungwa ndani ya mfuko wa rambo. Ilikuwa daftari la mjomba.

Nimesoma riwaya nyingi za waandishi wanaosifiwa kwa kubana maneno. Hakuna aliyebana kama mjomba. Miaka zaidi ya ishirini ya maisha, mstari mmoja kwa siku, penseli:

"Kabichi magunia 22. Springi ya nyuma kushoto imekatika Kipera. Kijana ameshika spana."

"Mvua. Hatukushuka."

"Mama mjamzito, hospitali, bure. Wa kike."

"Breki hazishiki vizuri. Nimeshuka na gia ya kwanza. Abiria wameteremka kwa miguu."

"Pancha mbili. Kijana ameshika spana."

Kijana ni binamu yangu. Hakuandikwa kwa jina hata mara moja. Lakini sentensi ile, kijana ameshika spana, inaanza mwaka 1999 na haiachi. Nilihesabu: mara sitini na moja.

Mtu aliyezoea kusoma anajua kwamba neno likirudi mara nyingi kuna kitu linatafuta. Nilichukua kalamu ya rangi nikaanza upya, safari hii natafuta gia boksi. Kabla ya 2004, hakuna beringi. Baada ya hapo: 2005, 2007, 2008, 2010, na kuendelea. Beringi ile ile, mara tisa hadi 2019. Mjomba aliandika kila alipoibadilisha na bei aliyolipa. Hakuandika hata mara moja kwa nini.

Nikarudi kwenye ukurasa wa kufunga injini. Nilitegemea maelezo marefu. Ulikuwa na mistari miwili. "Injini ya Hiace imekaa. Siku tatu. Kijana amelala chini ya gari. Tumshukuru Mungu." Basi.

Kulikuwa na mtu mmoja tu aliyebaki duniani aliyekuwepo siku tatu zile, na mimi ndiye niliyempa laki tano aondoke.

Nilizungukazunguka siku nne kabla ya kupiga simu. Akapokea. Tukaulizana habari za watoto, za mvua, za mama yake. Halafu nikasema, "Binamu, gari linakoroma."

Kimya. Nikasikia pikipiki ikipita upande wake.

"Hilo lilianza kukoroma 2004," akasema. "Unabadilisha beringi?"

"Nimebadilisha."

"Utabadilisha sana."

Jumamosi akaja kwa basi la asubuhi na begi dogo. Nilimwandalia chai na chapati, hakukaa. Alivua shati, akatandika katoni, akaingia chini ya gari kama mtu anayeingia chumbani kwake. Nikasikia anagonga chuma kwa kichwa cha spana, sehemu moja, halafu nyingine. Alipotoka alikuwa na grisi kwenye paji la uso.

"Sahani," akasema. "Haiko katikati."

Akanisimulia tukiwa tumekaa kwenye tairi la akiba. Mwaka ule hapakuwa na hela ya kupeleka sahani kwenye mashine. Fundi aliyekuwa anafunga injini alichora matundu kwenye katoni, akaiweka katoni juu ya chuma, akatoboa kwa drili ya mkono. Sahani ikakaa, bolti zikaingia, ingawa mbili ziliingia kwa nyundo. Binamu, akiwa na miaka kumi na tisa, alikuwa chini ya gari akiielekeza gia boksi ndani. Aliona shafti inasugua upande mmoja wa klachi. Akasema kwa sauti, mbele ya mafundi, "Baba, haijakaa katikati."

"Akasemaje?"

"Akaniuliza nimeanza lini kumfundisha. Wale mafundi wakacheka. Halafu akasema, 'Tutafika tu.'" Binamu akaangalia bampa. "Wiki ile ile ndiyo aliandika hayo."

Maisha yangu yote nilidhani maneno yale ni imani ya dereva wa milimani. Niliwahi hata kuyatumia kwenye insha shuleni. Kumbe yaliandikwa ili kumnyamazisha mtoto.

"Alijua?" nikauliza.

"Alijua. Kila tukishusha gia boksi ananiangalia, halafu anaangalia pembeni. Tunaweka beringi mpya. Hatuongei. Miaka kumi na tano." Akafuta mikono kwenye nyasi. "Alikuwa mtu mzuri, baba. Ila hilo lilimshinda."

Sikutaka kuuliza, lakini nikauliza kuhusu siku ya matanga. Alichukua muda.

"Binamu, gari ni la ukoo wenu, sawa, mila naijua. Mimi mwenyewe nitakula mashamba ya wajomba zangu. Lakini watu ishirini walikaa pale kuongelea lile gari, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza linawashwaje."

Sikuwa na jibu. Mimi nilikuwa mmoja wa wale ishirini.

Akakaa kwangu siku tisa. Tulishusha gia boksi tena, tukaitoa sahani, tukaipeleka kwa fundi mwenye mashine ya kukereza vyuma. Yule mzee aliitazama akacheka kwa huzuni, kama daktari wa meno. Kabla ya kuigusa alitaka kwanza kupima, na upimaji wake ndio sehemu niliyoipenda kuliko zote. Alikuja nyumbani, akaifunga sahani na hausingi ya klachi kwenye injini, bila gia boksi. Juu ya flaiwili akabandika kipimo chenye mshale, kinafanana na saa ndogo ya mkononi, ncha yake ikigusa ukingo wa tundu ambamo gia boksi hukaa. Binamu akaizungusha injini polepole kwa spana. Kama tundu liko katikati, mshale hausogei. Mshale wetu ulisogea, ukarudi, ukasogea. Milimita moja na nukta mbili kutoka mwisho hadi mwisho.

"Gawa kwa mbili," mzee akasema. "Mmepishana milimita sifuri nukta sita."

Unene wa kadi ya benki haufiki milimita moja. Kitu chembamba kuliko hicho kilikula beringi tisa, na kikakaa katikati ya baba na mwanawe miaka kumi na tano.

Mzee alijaza matundu ya zamani kwa kuchomelea, akaikereza sahani upya, akatoboa matundu mapya kwa mashine, na mwisho akaweka pini mbili za chuma ili sahani isiweze kuhama hata bolti zikilegea. Tulipopima tena mshale ulitikisika kidogo tu. Binamu aliuangalia mshale ule muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akaenda uani kunawa uso.

Tukiwa bado tumelifungua, nikamwambia nataka breki. Kati ya mashauri yote ya majirani, ya taabo na rimu, hakuna aliyetaja breki, na mimi nilikuwa nimesoma ule mstari wa abiria walioteremka kwa miguu. Gari lilikuwa na drami nne bila busta, kile kifaa kinachousaidia mguu wa dereva. Busta inafanya kazi kwa kunyonya hewa. Injini ya petroli inanyonya yenyewe vya kutosha. Dizeli hainyonyi hivyo, ndiyo maana kwenye 3L kuna pampu ndogo ya kunyonya hewa nyuma ya altaneta. Tulikuta pampu yetu ipo, nzima, inazunguka bure tangu 2004. Mdomo wake ulikuwa umezibwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli na waya.

"Ilikuwa inapiga mluzi," binamu akasema. "Nikaiziba mimi."

"Kwa hiyo breki zilikuwepo miaka yote hiyo?"

"Nguvu yake ilikuwepo. Hatukujua ni ya nini."

Nilipata busta na pedali yake kwa wauza spea zilizotumika, Ilala. Binamu akaifunga. Mimi nilishika tochi, halafu nikashika spana. Jioni tulilijaribu kwenye barabara tupu ya vumbi. Mguu mmoja mwepesi, gari likasimama, na mimi nusura nibusu kioo.

Likabaki jambo la karatasi. Kadi ya gari ilikuwa bado inasema petroli, sisi 2,286, na namba ya injini ambayo huenda sasa ni sufuria mahali fulani. Mjomba hakuwahi kubadilisha. Tukalipeleka likakaguliwe na polisi, kisha TRA kurekebisha taarifa. Mkaguzi aliinama kwenye chesisi, akasugua uchafu kwa kidole, akasoma namba moja moja. Zikalingana na kadi. Akanyanyuka ameridhika. "Injini inabadilishwa," akatuambia. "Gari ni chesisi."

Nilimtazama binamu, naye akanitazama. Babu alisema karibu maneno yale yale siku ya matanga, ila yeye alikuwa anaongelea watu. Baba huja na kuondoka, ukoo ni tumbo. Sina ugomvi na mila hiyo. Imenilea, na imewapa mama zetu ardhi ambayo kwingine wanawake wanaililia. Wala sina ugomvi na kadi. Lazima gari lijulikane kwa kitu kimoja kisichobadilika. Lakini nilisimama pale nikaisoma kadi mpya kuanzia juu hadi chini. Ina nafasi ya chesisi, ya injini, ya rangi, ya mwenye mali. Haina nafasi ya aliyeshika spana. Kikao cha matanga nacho hakikuwa nayo. Mahali pekee palipoandikwa ni kwenye kaunta buku, kwa penseli, na hata pale bila jina.

Desemba tukapanda Mgeta. Binamu aliendesha. Baada ya Kipera akabonyeza kifundo cha njano, magurudumu yote manne yakashika, na kwenye kona ya kwanza yenye tope akavuta mkono mwekundu wa gia ndogo. Hakuna kilichokoroma. Nilizima redio ili nisikilize kitu ambacho hakipo. Watu wa Langali walilitambua gari kabla ya kututambua sisi, wakapunga mikono. Nyandira tukapakia karoti za mama mmoja ambaye mjomba alikuwa akimbebea. Tukashuka kwa ile kanuni ya zamani ya madereva wa huko, kwamba unashuka na gia uliyopandia. Mguu wa binamu ulikuwa mwepesi juu ya breki. Pale ambapo abiria waliwahi kuteremka, tulipita tukiwa tumekaa.

Nyumbani niliwaambia mama na babu kwamba nataka kuandikisha gari kwa jina la binamu. Mama akasema nisubiri. Babu akasema kitu cha ukoo hakitolewi nje ya ukoo kama kuku. Nikamwambia, "Shikamoo babu, lakini na yeye ana jasho lake pale." Akasema jasho lilishafutwa. Tumepanga kukaa tena. Sijui itaishaje, na sitaki kuwadanganya wasomaji kwamba daftari moja limemaliza mambo ya vizazi vitatu. Kwa sasa jina kwenye kadi ni langu, gari liko Langali, ufunguo uko kwa binamu, na kila mwisho wa mwezi tunagawana kinachobaki baada ya dizeli. Siku ya kwanza alipogawa alinipunja elfu mbili makusudi, akasema ni fidia ya ndizi za 1995. Nilifurahi kuliko ningepewa gari jipya.

Maneno ya bampa tumeyaacha. Mimi nilitaka kuyafuta. Yeye akakataa. "Si uongo," akasema. "Tulifika."

Siku tuliporudi kutoka Nyandira safari ile ya kwanza nilimpa daftari la baba yake. Hakuwa amewahi kulisoma. Alikaa kwenye ngazi ya nyuma ya gari akapekua hadi jua likazama, midomo ikisogea bila sauti. Sikumwambia nilihesabu. Alipofika kwenye ukurasa mweupe aliniomba penseli. Aliandika polepole, akanirudishia daftari likiwa limefunikwa, nami nikasubiri hadi alale ndipo nikafungua.

"Nyandira na kurudi. Karoti magunia 9. Breki nzuri. Busta inavuja kidogo, kuangalia. Binamu ameshika spana."